Wingu Ulilolipaka Nyekundu

Mpendwa Baba Mghoi,

Watu wakisema marehemu hasomi barua, mimi nacheka tu. Hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kujibu. Mimi nilikuwa naongea, wewe unapaka rangi, na siku zilikuwa zinakwenda. Basi tuendelee hivyo hivyo. Mwandiko uvumilie, darasa la pili la misheni ndilo hili unaloliona.

Ningeanza na habari za jirani yetu na kuku wa shemeji yake, lakini leo kichwa changu hakina nafasi. Kimejaa wingu.

Ni lile wingu la Bwana Darubini. Unamkumbuka, yule karani Mgoa wa telegrafu hapa stesheni, aliyekuwa akibeba darubini yake hadi nyuma ya tangi la maji ili moshi wa treni usimharibie nyota. Alifunga kamera kwenye darubini, akapiga picha ya kile kitu kilicho chini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Sisi kwa macho tunaona kama mtu amepuliza unga hapo. Kwenye picha kilitoka kama moshi wa kuni mbichi, umejikunja huku na huku, lakini ni mweusi na mweupe tu. Akakuletea picha dukani uipake rangi, maana kupaka rangi picha za watu ndiyo ilikuwa kazi yako.

Kazi yetu, niseme. Wewe na kijiti chako cha pamba, mimi kwenye benchi la baraza nikiuliza wateja, "Hilo gauni lilikuwa rangi gani?" Na hakuna mtu anasema ukweli mbele ya picha yake. Yule fundi wa reli kutoka upande wa Kisumu aliapa kwamba suti yake ni ya buluu, na suti yenyewe ilikuwa ya duka letu, kila mteja anaivaa. Yule mzee wa Kishushe naye alikuja miguu mitupu, akaniambia, "Mama, mwambie bwana anipake na viatu. Vyeusi, vya kung'aa."

"Viatu umeviacha wapi, mzee?"

"Viko njiani vinakuja."

Ukampaka viatu. Nilicheka wiki nzima, na Voi ikacheka pamoja nami, kwa sababu mimi ndiye niliyewapelekea hiyo habari.

Kila kitu nimekisema maishani, isipokuwa kimoja. Hata kisimani sijakisema, na wewe unajua mimi na kisima. Ya kwamba wewe, fundi wa rangi wa Voi, nyekundu na kijani zilikuwa kitu kimoja machoni pako.

Nilijua siku ya yule bibi harusi wa Marungu, ulipompaka midomo ya kijani kama amekula majani. Mwenyewe umeridhika kabisa, unaipuliza picha ikauke. Nikainyakua kabla hajaiona vizuri, nikamwambia, "Dada, rangi hii ikikauka inageuka. Rudi kesho." Jioni nikakuuliza. Ukasema, "Mama Mghoi, ukimwambia mtu, duka hili silirudii." Ndipo nikafunga uzi kwenye shingo ya tyubu ya rangi nyekundu, fundo moja, ili vidole vyako vijue. Tangu hapo hukukosea tena.

Hukukosea mpaka siku ya wingu.

Bwana Darubini alisema wazi, na mimi nikiwepo: "Kwa jicho, ndani ya darubini, ni kijivu. Ukikaza sana, kijani kidogo." Nikakunong'oneza, "Umesikia, kijani, ile haina uzi." Ukaitika kwa kichwa. Nikaenda stesheni kungoja ndizi za Mboghoni zinazokuja na treni ya Taveta. Kurudi, mkungu bado uko kichwani, naona wingu jekundu. Jekundu kama mtu amechinja huko juu.

Watu hawakunyamaza. Yule fundi wa reli akauliza, "Huyu amepaka mbingu ama bucha?" Nikawaambia wote kwamba ni mimi niliyekuambia upake nyekundu, kijani ilikuwa imetuishia. Bwana Darubini aliitazama, akacheka, akaenda kuitundika ukutani kwake vilevile. Nikakuuliza polepole kama ulishika tyubu vibaya. Ukasema, "Iache hivyo." Halafu ukaomba ndizi.

Sasa sikia. Juzi Bwana Darubini amekuja nyumbani. Ile picha mchwa wameila, fremu na yote. Yeye amepata uhamisho kwenda Tabora, anaondoka Jumamosi, na hataki kwenda bila wingu lake. Ameniletea picha nyingine kama ile, haina rangi. Akasema, "Mama Mghoi, wewe ulikaa karibu na ule mkono. Ipake kama angeipaka yeye."

Nikamwambia asijali, safari hii kijani ipo. Akatikisa kichwa, akatoa mfukoni picha aliyotumiwa na rafiki yake wa Ulaya, imepigwa kwa filamu ya rangi. Wingu ni lile lile. Baba Mghoi, lilikuwa jekundu. Si kama lako hasa, lako lilikuwa na hasira zaidi, lakini jekundu.

"Kwa hivyo ni jekundu?" nikauliza.

"Kwa filamu."

"Na kwa macho?"

"Kwa macho ni kama nilivyowaambia, kijivu na kijani kidogo."

"Sasa lenyewe ni rangi gani?"

"Inategemea nani anatazama, mama."

"Bwana, nakuuliza kama ninavyouliza wateja wote. Gauni lilikuwa rangi gani?"

Alicheka mpaka akakaa.

Tangu siku hiyo sielewi kitu. Kama ulikosea, mimi nipake kosa? Na uzi upo. Nimeuangalia leo asubuhi, umekauka kwa mafuta ya rangi, lakini fundo halijafunguka. Vidole vyako havingeweza kulipita. Basi ulijua. Na kama ulijua, mbona hukuniambia? Macho yako yalikuwa mimi. Hilo ndilo linaniuma, si mambo ya nyota. Siku moja tu uliamua bila mimi, na mpaka leo sijui kama uliamua ama uliteleza.

Halafu nimekumbuka ile siku tunachambua maharagwe, ukaniuliza ghafla, "Hiyo nyekundu ikoje?"

"Kama pilipili iliyoiva."

"Pilipili naiona kama jani lake."

"Kama udongo huu wa Voi."

"Udongo ni udongo."

"Basi ni ile rangi ikiwepo mahali, mtu hawezi kutazama kitu kingine."

Ukarudi kwenye maharagwe. Mimi nikadhani umechoka na maneno yangu.

Labda ndiyo hiyo. Labda ulisema moyoni, kitu ambacho watu hawakioni, wacha nikipe rangi ambayo mimi siioni. Ama ulitaka wakitazame, wasitazame kingine. Ama njaa ilikushika, ndizi zimechelewa, mkono ukaenda tu. Nakuwekea maneno mdomoni, najua. Umezoea.

Leo mchana nimekaa barazani, picha iko magotini, kijiti cha pamba mkononi. Nimezitazama zile tyubu mpaka zikanichanganya zote. Nikafumba macho. Nikapapasa kama ulivyokuwa ukipapasa, nikapita zisizo na kitu, nikafika kwenye fundo, nikafungua tyubu. Sikufumbua mpaka rangi ilipogusa karatasi. Kama lilikuwa kosa, sasa ni la watu wawili.

Picha inakauka dirishani. Jirani amepita, akasimama, akasema, "Mama Mghoi, wingu jekundu tena? Nani amekuambia?"

Nikamwambia, "Mume wangu." Sikuongeza neno, na yeye akanishangaa kwa hilo kuliko wingu.

Pumzika vizuri, mzee wangu. Na huko uliko, kama lile wingu liko karibu, mtafute mtu umuulize rangi yake. Wewe usitazame mwenyewe.

Mkeo na macho yako,
Mama Mghoi