Mashina ya Mama

Mwanza,
Januari 1962

Kwa Kaka Makame,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ya umri wako, si kwa jingine. Sisi huku tu wazima, hofu ni kwako huko Shinyanga, hasa juu ya huo mgongo. Mama anakula vizuri.

Barua yako nimeipata. Unataka nipite nyumba hadi nyumba nikusafishie jina. Thubutu! Nani alikutuma ufyeke asparaga zangu, mboga zangu za machipukizi?

Nimezilea miaka mitatu, tangu jirani yetu Jasuben aliponipa mbegu akanionya nisiwe na pupa ya kuvuna. Akanifundisha kwamba ukikata machipukizi ya kula, uache mashina machache yarefuke na kutoa majani, maana ndiyo yanayolisha mizizi. Mashina hayo yeye huyaita mama, nasi tukazoea hivyo hivyo. Mwaka huu ndio ningevuna mara ya kwanza. Wewe ukaona magugu.

Na usiseme ulikuja kusherehekea Uhuru. Ulikuja kuutaka uwanja wa Mama ujenge duka. Alipokataa ulimfokea asubuhi nzima, ukasema mwanamke mzee hana kauli, na mtaa wote ulikusikia. Mama akaenda zake kwa Jasuben, wewe ukachukua panga. Nilipotoka jikoni nikakukuta unafyeka, nikapiga yowe kwamba Makame anamkata mama.

Walikuja mbio. Yahaya fundi cherehani, Liaqat na fimbo yake ya kupimia vitambaa, Ng'washi na mchi wa kinu. Walikutwanga kabla hujafungua mdomo, mpaka Mama mwenyewe akatokea akiuliza kuna msiba gani.

Sasa unanifundisha lugha, ati shina halisemwi "anamkata". Kaka, sikukosea. Nilijua ninachosema, nikakisema kwa sauti yangu yote. Ningelia kwamba unakata shina, nani angeacha kazi yake?

Mizizi hukuiweza. Imechipua tena, na machipukizi ya kwanza tumeyaacha yawe mama. Duka kajenge kwingine.

Jasuben anakusalimu. Mama nilimwuliza nikuandikie salamu gani. Akasema nikwambie kwamba yowe langu halikumuudhi. Kinachomkosesha usingizi ni kwamba majirani wote waliliamini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mara mbili.

Ni mimi, mdogo wako,
Mwaija