Maji Niliyonyunyizia Samaki wa Restituta

Jumamosi, 6 Septemba
Mnada wa kila Jumamosi, hapa Endasak. Nimebeba maji ndoo mbili kutoka mtoni. Mzee kama mimi, sijapumzika njiani. Restituta, mjane wa mwanangu, ana meza ya kuuzia samaki wa ziwani waliokaushwa kwa moshi. Wanakauka mno. Mimi ndiye niliyegundua dawa: nyunyizia maji, wanalainika, wanang'aa. Watu wanakula palepale kwa chumvi. Saa nane wamekwisha.

Jumatatu, 8 Septemba
Kitongoji kinaharisha. Wote walikula samaki wetu. Jirani yangu, Mzee Gwandu, kapita na fimbo yake. "Si nilikuambia? Samaki ni nyoka wa majini. Sisi watu wa ng'ombe."
"Mbona ulikula wawili?"
Akataka kujibu, tumbo likamwita. Ha!

Jumatano, 10 Septemba
Bwana afya kaja. Kijana, shikamoo yake nzuri. Kachukua samaki wachache wa Jumamosi tuliojiwekea nyumbani, na maji ya mto kwenye chupa. Meza imefungwa. Kijiji kinasema samaki wakikutwa wachafu, Restituta hauzi tena. Hana shamba, ana meza ile tu. Nimewaambia mto wetu unatoka mlimani, maji yake ni safi, nimeyanywa tangu utoto.

Ijumaa, 12 Septemba
Majibu. Maji safi. Nilisema! Nimezunguka kijiji kizima nikitangaza. Samaki wana bakteria wa kinyesi cha ng'ombe. Nimerudi, nimemkuta Restituta analia jikoni. Maji yangu yakiwa safi, mwenye kosa ni yeye. Sijala.
Lakini samaki wa ziwani kakutana wapi na ng'ombe?

Jumamosi, 13 Septemba
Mnada. Nimeenda mtoni bila ndoo. Nimepanda juu ya pale ninapochota. Ng'ombe wa mnada wamejaa, wanakunywa, wanakunya humohumo. Jumatano hawapo, mto unapita safi. Mimi mfugaji, sikuona. Nimekaa juu ya jiwe. Ni mimi. Ndoo zangu.
Nimempigia bwana afya, njoo uchukue maji. Anasema Jumatatu. Nikamwambia Jumatatu ng'ombe wako kwao, njoo sasa hivi. Nimepiga mara nne. Kaja na pikipiki, kanuna.

Jumatano, 17 Septemba
Maji ya siku ya mnada yana bakteria walewale. Mkutano wa kijiji. Nimesimama. Nimesema mnyunyizaji ni mimi, mama huyu hana kosa. 
Gwandu akasema, "Kumbe wewe ndiye uliyeniharisha!"
"Ndiyo mimi. Na aliyegundua ni mimi. Wewe ulisema nyoka."
Walicheka mpaka mwenyekiti. Meza imefunguliwa. Samaki wafunikwe, wasinyunyiziwe kitu, wapashwe motoni kabla ya kuliwa. Nani mwingine kijijini hapa amejishtaki mwenyewe akatoka mshindi?

Jumamosi, 20 Septemba
Saa saba samaki wamekwisha. Restituta kasugua meza kwa maji ya kuchemsha. Sikubakiziwa hata mkia. Nimekula ugali na maziwa. Upepo kidogo. Nimelala mapema.