Alhamisi ya Njia ya Mfereji

Kwako Baba, unayepumzika pale juu ya shamba letu,

Shikamoo. Nimeitanguliza kwa sababu niliyotenda nilitenda kwa kuisahau, na nataka habari hii uisikie kwangu mwenyewe.

Unazikumbuka Alhamisi zetu, zamu yetu ya maji? Mfereji unapita kwanza shambani kwa Baba Zaina, unazunguka mlima, ndipo unatufikia. Siku nyingine maji yalikatika ghafla, nami nikapandisha sauti: "Ni huyo Baba Zaina, kafungulia kwake!" Ulichukua jembe, ukaiacha njia ya mkato, ukapanda kwa kuufuata mfereji, ukizoa majani na kutoa tope. Nilikufuata nikinung'unika kwamba kwa mkato tungekuwa tumeshafika.

"Tukifika na hasira hizi, tutazifanyia nini kwa mwenzetu?" ukaniuliza.

Usijifanye malaika, Baba. Tope lile lilisikia maneno ya Kishambaa ambayo mchungaji hakuwahi kuyasikia kinywani mwako. Lakini hadi tunafika kwa Baba Zaina ulikuwa umeshayamaliza. Ulimsalimia kwa salamu zako ndefu, habari za watoto, za mbuzi, za mguu wake unaomsumbua, ndipo ukagusia maji. Mara nyingi hata hatukufika kwake, maana kilichoziba tulikikuta njiani.

Tangu uondoke, shamba nalilima mimi. Mwezi uliopita, katika jua kali, miche ya kabichi niliyotoka kuihamisha ililala chini, na maji yakakatika. Nilipita mkato. Nilimkuta Baba Zaina uani kwake akitawadha. Mzee yule aliyeshika sepetu siku tuliyokuzika nilimpigia kelele bila hata salamu: "Unatuibia maji kwa kuwa baba hayupo!"

Aliweka birika chini. "Hata shikamoo, mwanangu?"

Nilirudi kwa njia ya mfereji nikitafuta ushahidi. Niliupata, Baba, ndani ya mpaka wetu. Mgomba wetu ulikuwa umeanguka mferejini na maji yote yanamwagika bondeni. Niliukalia mgomba huo nikalia kwa aibu.

Miche nilipanda mingine. Kilichonitesa ni kule juu kwa Baba Zaina. Nilituma salamu kupitia kwa Zaina, zikarudi fupi mno. Niliogopa kwamba uliniachia urafiki wa maisha yako yote, nami nimeuvunja kwa pumzi moja. Nikajitetea kwamba hasira nimezaliwa nazo, sina la kufanya. Kisha nikakumbuka maneno yako kwa tope. Nawe ulizaliwa nazo, tena pengine kunizidi. Ulichokuwa unachagua kila Alhamisi ni njia ya kupita.

Wiki iliyopita maji yakapungua tena. Nilisimama pale njia zinapoachana, macho yote kwenye mkato. Nikashika jembe lako, nikafuata mfereji. Nilizoa majani, na maneno niliyasema, mengine ni yale yale yako. Nilipozunguka mlima nikaona mtu anakuja upande wangu, ameinama, anatoa tope. Alikuwa Baba Zaina, na mguu wake ule ule. Alikuwa anateremka kuangalia kwa nini maji hayatufikii.

"Shikamoo, baba. Nisamehe."

"Marahaba." Aliegemea mpini wa jembe lake. "Leo umepita njia ya baba yako. Haya, habari za nyumbani?"

Tukaanza upya, Baba, salamu zote, watoto, mguu, mpaka mbuzi mmoja mmoja. Sijawahi kufurahi kuulizwa habari kiasi kile. Tulipomaliza tukashuka wote tukisafisha, na maji yakatutangulia shambani.

Nitakasirika tena, najijua, na wewe unanijua zaidi. Ila jembe lako sasa naliegemeza mlangoni, mahali ambapo siwezi kutoka bila kulishika.

Pumzika, Baba. Kabichi zimeshika.

Ni mimi, binti yako mwenye kelele.