Zuhura, Kile Kiua Kina Mlango

Mwanangu Zuhura,

Mimi mama yako sijambo. Asali ipo, kuku wanataga, na mdomo wangu bado unafanya kazi. Nakuandikia humu kwenye kundi la ukoo, mbele ya baba zako wadogo na mashemeji wote, kwa sababu simu yangu hupokei. Ila najua shangazi yako huko Mgori uliko huwasomea wote nyumbani kila kinachoingia humu, kwa sauti, hata matangazo ya misiba. Basi wifi yangu, msomee. Na usiruke mahali.

Unakumbuka deki ya gemu ilivyoingia nyumbani? Kile kibanda cha gemu karibu na stesheni kilikuwa kinafungwa, nikaichukua deki na pedi zake kwa ndoo ya asali, tena asali ya vichaka vya Itigi, isiyotiwa maji na mtu. Watu wakaniuliza, "Mama Zuhura, mtoto wa kike na gemu la kupigana wapi na wapi?" Nikawajibu, "Kwani mikono ya wa kwangu ni ya kufulia tu?" Na hukuniangusha. Vijana wa Itigi walikuwa wanaingia sebuleni kwangu wanacheka, wanatoka wameinama kama kuku walionyeshewa, na shikamoo wananipa mara mbili.

Mimi niliishia darasa la saba, na yale mapigano sikuyaelewa hata kidogo. Nilichokielewa ni pale mahali pa katikati. Mtu wako wa kwenye gemu akimaliza pambano moja, kabla ya lingine, anaingia kwenye kiua kidogo. Moto unawaka, kuna benchi, kuna mtungi wa maji, na kibibi kimoja kimekaa kinashona nguo. Muziki wa taratibu. Ule mstari wa damu, yaani uhai wake uliobaki kidogo, unajaa wenyewe polepole. Ukaniita nije nione. "Mama, humu hapigwi mtu. Humu unapumua." Nikakaa mkekani karibu yako, na kuanzia siku hiyo nikawa nangoja kile kiua kama wengine wanavyongoja taarifa ya habari. Nikakuuliza yule bibi mbona haongei. Ukasema hawakumwekea maneno. Nikasema, basi huyo hajatoka Singida.

Na ile siku ya kutuaibisha! Niko uani napepeta mtama, babu yako yuko kitandani hajiwezi wiki nzima, nasikia unapiga kelele ndani, "Amepumzika! Mama, amepumzika!" Nikajua ni babu yako. Nikajifunga khanga kichwani nikaanza kulia, na mimi nikilia unajua mwenyewe, wanasikia mpaka reli. Mama Pendo, jirani yangu tunayegombania naye wateja wa asali pale stesheni, akaja mbio na mwiko mkononi. Tukaingia tunalia wawili. Tukakukuta unatafuna karanga, mtu wako kwenye benchi anaota moto. Mara babu yako akatokea mlangoni amejishika ukutani: "Amekufa nani?" Mama Pendo akautazama mwiko wake, akasema, "Kumbe mmenitoa kwenye ugali wangu kwa ajili ya katuni!"

Tulicheka mpaka babu yako akapata nguvu ya kuomba uji. Lakini baadaye nikakuambia, mwanangu, lile neno usilipigie kelele, kwetu mtu akishapumzika hatoki tena. Ukanijibu, "Mama, kwenye gemu ukipumzika mlango upo."

Kisha yakaja mashindano ya Singida mjini. Nikakuchapishia fulana, mgongoni BINGWA WA ITIGI, kwa herufi ambazo hata asiyejua kusoma angeziona. Nikakusindikiza kwenye basi natangaza kama kipaza sauti cha mnada. Ukapigwa pambano la kwanza. Na Itigi yote iliona, maana walikuwa wanaonyesha kwenye simu. Jioni ukanipigia: "Mama, niko kwa shangazi Mgori. Napumzika kidogo."

Lile neno. Nilishika simu, mkono mwingine ukaenda wenyewe kwenye khanga!

Kidogo gani hiyo, Zuhura? Alizeti imepandwa, imepaliliwa, imevunwa, imekamuliwa, wewe bado unapumzika. Shangazi yako anakusifu kwa kazi, lakini anasema pikipiki ikipita unaingia ndani. Mgeni akibisha hodi unajifanya umelala. Anasema wanakula vizuri na unanenepa. Hilo la kunenepa ndilo lililoniogopesha.

Na usidhani mimi huku niko huru. Nilienda stesheni, treni haijasimama vizuri, watu wakaanza, "Mama Bingwa, bingwa wako yuko wapi?" Mama Pendo akadakia, "Si amepumzika?" Wakacheka wote, na yeye alikuwepo siku ile, alijua anapopiga. Nikabeba ndoo yangu nikarudi nayo imejaa. Baada ya hapo nikawa nampa Mama Pendo huyo huyo aniuzie. Yaani asali yangu mimi, mkononi mwa Mama Pendo! Kisimani nikawa napita njia ya nyuma ya nyumba. Mtu akiita hodi, najibana kimya, kama wewe.

Jioni nawasha deki. Mtu wako yuko pale pale ulipomsevu, kwenye benchi. Namzungusha. Ukuta, mtungi, bibi, ukuta tena. Namfikisha mlangoni, naondoa kidole. Damu yake imejaa mpaka mwisho, haina pa kuongezeka, na bado amekaa. Kile kiua nilichokipenda kilianza kunichosha. Moto hauishi kuni. Yule bibi hamalizi nguo. Hapigwi mtu humo, ni kweli, lakini pia hakuna kinachotokea.

Juzi nikasema liwalo na liwe, nikabonyeza. Mlango ukafunguka, likaja lidude, nikabonyeza vitufe vyote kama naua siafu. Nikapigwa, Zuhura. Nikapigwa hata salamu hatujamaliza. Kioo kikawa cheusi, nikashika kichwa: nimemwua mtu wa mwanangu.

Kisha nikasikia moto unalia. Nikafumbua macho, huyo hapo, kwenye benchi, na damu inaanza kujaa polepole.

Hili hukuniambia! Na ningelijuaje, wakati mbele yangu ulikuwa unashinda tu? Sikuwahi kukuona ukipigwa sebuleni kwangu. Sikujua kwamba aliyepigwa anarudi pale pale kwenye moto, na kibibi hakimwulizi kitu.

Asubuhi nikabeba ndoo yangu mwenyewe mpaka stesheni, kwa njia ya mbele. Mama Pendo akaanza, "Eeh, Mama Bingwa, na bingwa..." Nikamkatiza, "Alipigwa. Pambano la kwanza. Na bado ni bingwa, kama una mtu mlete sebuleni kwangu." Akasema, "Haya sogea basi, umeziba ndoo yangu." Tukauza.

Fulana nimeifua, iko kwenye kamba, na siifichi. Wala usinitarajie niache kukusifu, sijui kufanya hivyo. Ila njoo. Sikwambii uje umeshinda. Njoo hivyo hivyo, na alizeti kwenye nywele.

Ulipigwa mbele ya watu, ndiyo maana nami nakuita mbele ya watu. Mtu akipumzika moja kwa moja, mama yake hujifunga khanga kichwani. Mimi yangu nimejifunga kiunoni, nasonga ugali. Bonyeza utoke. Ukipigwa tena njiani, moto uko hapa.

Ni mimi mama yako,
Mama Bingwa wa Itigi, na jina silirudishi.