Sakafu ya Madhabahu ya Kabiria

Baba,

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na posa yangu ilikuwa imekwisha kupokewa. Wewe ulikuwa fundi wa sakafu za terazo, zile za saruji na vijiwe zinazosuguliwa mpaka zing'ae, mtu wa pwani uliyehamia Nairobi na mke na binti mmoja, na tulikaa vyumba viwili katikati ya mji, karibu na msikiti. Ulipopata kazi katika kanisa la Kabiria hukumshauri mtu. Ulisema tu kwamba padri anataka meza ya ibada isogezwe mbele ili asali akiwatazama watu, maana siku hizo ndivyo walivyoanza kusali, na kwa hiyo sakafu yote ya pale juu lazima imwagwe upya.

Jumamosi moja mama alinituma nikuletee chakula. Nilisimama mlangoni, sikujua kama ninaruhusiwa kuingia. Ulikuwa umepiga magoti pale mbele, juu ya zile ngazi tatu, unapanga vipande vya shaba vya kugawia sakafu. Katekista Njoroge, yule mzee mpole aliyewafundisha watoto wao dini, alikuwa amesimama chini akitazama mikono yako.

"Mnapaitaje hapa?" ulimwuliza.

"Hii mahali? Sisi tunaita altare."

"Hata hapa nilipopiga magoti?"

Akakuna kichwa. "Padri anasema altare ni meza peke yake. Hapo kwa sakafu, kutoka kwa ngazi mpaka kwa ukuta, ni patakatifu. Lakini ukisoma Biblia ya Kiswahili, imeandikwa madhabahu."

Ulicheka. "Kwetu sisi, madhabahu ni pa kuchinjia."

"Kweli?"

"Ndilo neno lenyewe, mzee wangu."

Njoroge alifikiri kidogo. "Basi ni sawa," akasema. "Hata sisi kuna aliyechinjwa."

Ukaacha kucheka, ukarudi kwenye kazi yako. Tangu siku hiyo ukawa unapaita madhabahu, nyumbani na barazani, kama vile mtu asemavyo jikoni au uani.

Nadhani hapo ndipo ulipokosea, kama ulikosea. Pale mjini hakuna ambaye angejali ungesema unamwaga sakafu Kabiria. Wahindi uliwamwagia, Wazungu wa Hurlingham uliwamwagia, na kila mtu alijua. Lakini "fundi anajenga madhabahu" lilikuwa neno jingine kabisa. Lilitembea duka hadi duka, na haikufika siku ya nne likawa limemfikia mwalimu wa madrasa, baba wa kijana aliyeniposa.

Alikuja baada ya sala ya alasiri. Ulimkaribisha kiti, hakukaa.

"Nimesikia unajenga madhabahu."

Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia. Mama alinishika mkono akawa ananong'ona, si kwangu, kwako: "Sema ni sakafu. Sema ni sakafu tu."

"Ni sakafu ya madhabahu," ulisema.

"Basi iache, bwana, mambo yetu yaendelee."

"Imekwisha kumwagwa, haijasuguliwa. Nikiiacha sasa imeharibika. Nimewapa watu neno langu, mwalimu."

"Na neno ulilonipa mimi?"

Akavaa viatu vyake, akaenda zake.

Ulikwenda Kabiria siku tisa zaidi, ukaisugua ile sakafu kwa jiwe na maji. Siku ya kumi mshenga akaja kuchukua pete na kanga. Nilizikunja mwenyewe. Mama hakusema nawe mwezi mzima wa Ramadhani. Alisema kupitia kwangu. "Mwambie baba yako futari tayari." Nawe ulikuwa umekaa hapo hapo, hatua mbili, ukisubiri nikwambie.

Yule kijana sikumpenda wala sikumchukia. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kwamba nitakuwa mkewe. Nilimwona mara moja tu baadaye, sokoni, na mtoto begani, tukasalimiana vizuri. Miaka saba ilipita kabla sijaolewa na karani mmoja wa Woodley, mtu mtaratibu, na kwake sina malalamiko. Miaka hiyo saba sikuihesabu wakati ilipokuwa ikipita. Waliihesabu shangazi zangu.

Ulipougua, ulinishika kanga siku moja nikikupa uji, ukaniuliza, "Mwanangu, ulinichukia?" Nikakwambia unywe kabla haujapoa. Ukanywa. Hukuuliza tena, na wiki iliyofuata tukakuzika.

Jibu ni hili. Nilikuchukia kama miaka miwili, kisha chuki ikaisha, hata sikuona ilivyoondoka. Na haikuwa kwa ajili ya kanisa, wala ya ndoa. Kila mtu alisema lake juu ya jambo lile. Mwalimu alisema, mama alisema, mshenga alisema, majirani walisema mpaka wakachoka. Nawe ulimsikiliza kila mmoja wao. Mimi, ambaye posa ilikuwa yangu, hukunigeukia hata mara moja ukaniuliza nionavyo.

Ungeniuliza, baba, ningekwambia umalize.

Pumzika sasa. Uniwie radhi kwa kuchelewesha jibu.

Ni mimi, binti yako.