Uliza Nani Atakichunga

Mwanangu Kabale,

Salaam aleikum kutoka hapa Chechelesi. Sisi wazima, na jina lako bado natembea nalo sokoni. Juzi Mama Guyo wa hapa jirani alichoka na mimi, akaniuliza, "Kwani simu zote hizi ni mtoto wako ametengeneza?" Nikamwambia, "Bado, usimharakishe."

Halafu ukanipigia Jumapili ukilia. Mimi niliishia darasa la sita, lakini nilikuelewa. Kampuni yenu huko Nairobi inauza ghala la kuwekea data, na inauza pia vifaa vya kutengenezea programu za kutumia ghala hilo. Kifaa kimoja umekilea wewe miaka saba. Sasa wameleta kingine cha kazi ileile, wamewapa watu wengine, na mkubwa wako anasema vyote viwili vitauzwa. Wewe unaona chako kimetupwa, unataka kuacha kazi. Na mimi kwa kiburi changu nikakuambia, "Acha! Watakutafuta na tochi."

Hayo maneno nayarudisha.

Unakumbuka ule ukame, tukiwa Korbesa? Baba yako aligawa ng'ombe. Wa maziwa wakabaki nyumbani, wengine wakaenda fora, malisho ya mbali upande wa Sericho. Mtamba wako Buure alikuwa kwa wale wa kwenda. Ulishika mkia wake ukapiga kelele, "Abba, umemtupa!" Marehemu baba yako hakukasirika. Alisema tu, "Ningejua mvua itanyesha wapi, ningepeleka wote huko."

Mkubwa wako naye hajui mvua itanyesha wapi. Yeye ana kisima, ndilo hilo ghala lenu. Anywe ngamia, anywe mbuzi, kisima ni chake. Kwa hilo mimi simchukii.

Lakini wewe siku ile hukuachilia mkia. Ulikuwa mdogo hivi, unauliza kama chifu: "Nani atamnywesha? Anajua jina lake?" Ikabidi baba yako amwite mjomba wako Jarso, amfundishe mbele yako vile Buure anaitwa. Jarso akaita mara mbili, Buure akageuza kichwa. Hapo ndipo uliachilia.

Sasa nenda kwa mkubwa wako, bila machozi. Muulize vilevile: mwaka ujao, kifaa changu nani atakichunga? Mwambie pale soko la mifugo Isiolo wanyama bado wanaandikwa kwa programu iliyotengenezwa kwa hicho kifaa. Mimi husimama pale dirishani nikiwaambia watu, hiyo ni kazi ya mkono wa msichana wangu. Akikutajia mtu kwa jina, baki. Akianza kuzungukazunguka, basi hiyo si fora, ni kutupa. Rudi nyumbani, kitanda chako kimetandikwa.

Buure alirudi amekonda, mbavu zote nje. Lakini ulipomwita, aliitika.

Mama Guyo sijamwambia kitu. Nimesema tu wiki hii una mkutano na wakubwa, na ni wewe utauliza maswali.

Mungu akushike mkono, mama.

Ni mimi mama yako, ninayekutaja hata bila kuulizwa