Baba, Mabati Yako Yamerudi

Baba,

Nyumba imefika juu. Nimetaka usikie kutoka kwangu kabla Mama hajakuambia kwa maombi yake, kwa sababu Mama atakuambia yale mazuri tu.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kikuyu nakiongea lakini kukiandika hakuna aliyenifundisha, na kwa Kiingereza ningeanza na "Dear Dad" ungecheka mpaka ukohoe. Shuleni wanasema mimi ni mpole. Si upole. Ni vile maneno yangu huja watu wakiwa wameshaondoka. Kwa karatasi hakuna mtu wa kuondoka, kwa hivyo leo nitasema.

Unajua baada ya vita vya uchaguzi tulienda kukaa Timboroa kwa shangazi. Nimekulia huko, kwa ile baridi yao. Halafu mwaka huu Mama akaamka tu akasema tunarudi Eldoret, kwa ploti yetu ya Kimumu. Shangazi akamwambia, "Mama Njeri, uza hiyo kitu, ununue huku kwa watu wako." Mama akasema, "Nimuuzie nani shimo la choo ambalo mume wangu alichimba mwenyewe?" Huyo ndiye Mama wa siku hizi. Haongei sana, lakini akiongea hakuna anayejibu.

Tulikuta msingi na choo. Basi. Vingine vyote viliungua au vilichukuliwa.

Sasa nikuambie nilichojifunza, kwa sababu wewe ulijenga mara moja na hukurudia, na kuna vitu ungevifanya tofauti.

Kwanza, msingi wako uko kombo. Fundi wetu anaitwa Wafula. Alipoupima na mpira wa maji, ule wa kuangalia kama pande mbili ziko sawa, alicheka. "Huyu mzee alijenga akiangalia msichana?" Mama alikuwa amesimama hapo na karai. Akasema, "Alikuwa ananiangalia mimi." Wafula akaomba msamaha mpaka jioni. Tulijaza mawe upande wa chini ndipo ukakaa sawa.

Pili, nguzo lazima zipakwe oili chafu ya gari kabla hujazisimamisha, si baada. Mchwa wa Kimumu hawana adabu. Tatu, matope yakanyagwe na nyasi zilizokatwa fupi, na tope la kwanza la ukuta likauke kabisa kabla ya kupaka la pili. Sisi tuliharakisha upande unaopigwa na jua, ukapasuka kama kisigino.

Na fundi anayekuja bila nyundo yake, mrudishe kwao. Wafula alikuja na penseli sikioni na njaa. Tulimkubali kwa sababu hatukuwa na mwingine. Aliona nyundo yako kwa mfuko wa Mama, akainyoshea mkono. Mama akaishika. "Hiyo haiguswi na mtu wa kulipwa." Akanipa mimi. Ndiyo, ile nyundo. Polisi walituletea kambini, kule tulikokimbilia, pamoja na wewe. Walisema ilibidi wavikunjue vidole vyako kuitoa.

Sikumbuki uso wako vizuri, Baba. Hilo nakuambia bila kuficha. Lakini ile siku naikumbuka yote. Tulikuwa tumeshafika kambini. Tulikuwa salama, sote watatu, tumekalia godoro. Watu walikuwa wanasema nyumba za upande wetu bado hazijachomwa. Ukasimama. Mama akakushika sweta. Ukaivua ukamwachia mkononi, ukasema, "Ukuta nitapaka tena na matope. Bati siwezi kufinyanga. Nikishayashusha narudi." Kwangu ukasema, "Maitu, mwangalie huyu mama yako." Uliniita hivyo, mama kwa Kikuyu, kwa sababu nina jina la mama yako. Nilikuangalia ukienda na fulana. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu hukunibeba.

Nimebaki nimekasirika.

Sasa sikiliza habari ya paa.

Ukuta ulipoisha, na pesa ikaisha. Ukuta wa matope bila paa ni sukari, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa milima kila mchana. Mama alikuwa anafunika juu na nailoni, upepo unaitoa, anafunika tena. Wafula alikuwa anatuambia kila siku, "Mama, mvua moja tu na tunaanza kuhesabu nguzo." Mama alikuwa amemaliza mkopo wa chama cha akina mama. Ukuta ukianguka, tunarudi Timboroa na hatutoki huko tena. Hilo nililijua bila kuambiwa.

Ndipo akanituma mimi maziwa, kwa mara ya kwanza, kwa Mzee Kiprono. Unamkumbuka. Ni yule jirani wa chini, aliyekushikia ngazi ulipokuwa unaezeka. Zizi lake la ng'ombe liko kwa mteremko. Ukitoka njiani unaliona kwa juu, kama unaangalia kichwa cha mtoto. Nikaona kwa kila msumari kuna kiduara cha raba. Vingine vya bluu, vingine vyekundu, vimefifia.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyeezeka hivyo. Uliona zile wosha za duka, za kuzuia maji kwa msumari, ni wizi, ukakata ndara za nyumba nzima. Za Mama nyekundu, zangu za bluu. Ulichora duara na kifuniko cha soda, ukakata na wembe, ukavisha kila msumari. Nililia kwa sababu nilikuwa na hiyo ndara moja tu nzima. Ukaniambia, "Nyamaza, Maitu. Sasa ni wewe utatuzuilia mvua."

Nilirudi bila maziwa. Nikamwambia Mama, "Mabati yetu yako kwa Mzee Kiprono. Ng'ombe yake inalala chini yake." Mama hakuacha kuchambua maharagwe. Akasema, "Najua. Niliyaona siku ile ya kwanza tumefika. Usiulize mtu kitu, Njeri. Tunaishi hapa." Halafu akanirudisha nikachukue maziwa.

Fikiria hiyo, Baba. Kila siku mke wako ananunua maziwa chini ya paa lako, na anasema asante.

Siku ya tatu au ya nne hivi, Mzee Kiprono akaja kutusalimia. Amezeeka, anatembea na fimbo. "Chamgei, Mama Njeri. Ukuta ni mzuri." Mama akasema asante. Akazunguka nyumba yote, akagonga nguzo na fimbo, akaangalia juu. "Lakini mvua hiyo inakuja. Sasa mtaweka nini hapo juu?"

Labda aliuliza kwa wema. Sijui. Mimi nilikuwa kwa ngazi na misumari mdomoni. Nikaitoa mmoja mmoja. Mimi ambaye siwezi kunyosha mkono darasani.

"Zile ndara ni zangu," nikamwambia.

"Ndara gani, msichana?"

"Za bluu. Kwa zizi lako."

Wafula aliacha kupiga msumeno. Mzee hakukataa. Alisema, "Nilikuta mabati yamepangwa chini, yamefungwa na waya. Ningeyaacha yachukuliwe na watu wengine?"

Mama akasema, "Njeri." Mara moja tu, polepole. Lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Ulipoyachukua, Baba alikuwa wapi?"

Alinyosha fimbo kwa ukuta wa jikoni. "Alikuwa hapo." Kisha, kama mtu anayejaribu kukumbuka kama alifunga geti au hakufunga, akaongeza, "Alikuwa ameshakufa. Nilimfunika na bati moja. Hayo mengine nikabeba, kabla waliomuua hawajarudi kuchoma."

Bati moja, Baba. Alikufunika na bati moja, na hayo mengine akabeba.

Mama aliingia ndani ya ile nyumba isiyo na paa akakaa. Mzee akaenda. Wafula akasema, "Haya, turudi kazini," lakini hakuna aliyerudi kazini.

Kesho yake asubuhi mabati yalikuwa kwa geti letu. Yamepangwa, yamefungwa na waya. Zizi lilikuwa wazi juu, ng'ombe na ndama wake wamesimama wanatuangalia.

Kuna somo hapa la ujenzi na halina huruma: bati likishapigwa misumari, matundu yake hayalingani na mbao za nyumba nyingine. Hata kama mbao zile zimekaa juu ya msingi uleule. Kwa hivyo sasa kila bati lina matundu ya misumari yako, ya zizi na ya kwetu. Ya zamani tuliziba na lami na vipande vya gunia. Kwa misumari mipya nilikata ndara zangu za shule, za kijani. Nilitumia kifuniko cha soda. Wafula akaniuliza nimetoa wapi huo ushamba. Yeye alinifundisha kitu kimoja cha maana: "Piga kwa mgongo wa bati, si kwa bonde. Maji hupita bondeni." Alipoona napiga sawa akasema, "Msichana wa juu ya nyumba, utaolewa na nani?" Nikapiga msumari mwingine.

Tulipofika upande wa jikoni, ikabaki nafasi. Wafula alihesabu mara mbili. "Limepungua bati moja, Mama. Huyo mzee ametuibia." Mama akasema, "Hajatuibia hilo." Akavaa kitambaa akaenda mjini. Mwenye duka la hadiwea, kijana wa Kisomali, akamtania, "Mama yangu, bati moja? Hiyo ni nyumba ya kuku?" Mama alinisimulia hilo akicheka. Nilitaka aache kucheka.

Bati hilo jipya linang'aa katikati ya kutu. Ukitoka stendi ya boda unaliona kutoka mbali.

Mvua ilianza siku tuliyokuwa tunamaliza kingo. Ilikuwa ile ya mawe. Ukuta ulisimama, Baba. Inavuja mahali pawili, sufuria zinatosha. Lakini zizi la Mzee Kiprono lilibaki wazi, nailoni waliyotandika ikachukuliwa, na baada ya siku kidogo yule ndama akafa kwa baridi. Alikuwa wa Chebet, msichana wao. Tuko darasa moja. Alikuwa amwuze akikua, alipe shule. Sasa tukipatana kwa bomba la maji haniangalii.

Nilifurahi. Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kuambiwa. Niliposikia ndama amekufa nilifurahi, nikala chakula nikamaliza, na hata sasa nikitafuta huruma napata kidogo tu, ile ya kanisani. Mama alifunga sukari na unga akasema twende tukatoe pole. Nikasema nina misumari ya kumalizia. Alienda peke yake.

Kwa hivyo nilikuwa juu ya paa wakati anaenda, nikimwangalia. Na hapo ndipo nilijua kitu ambacho kama tusingejenga nisingekijua kamwe.

Kutoka juu ya paa letu unaona njia yote. Nilimwona Mama akitoka kwa geti, akipita kwa kona, akiteremka, akisimama kwa Mzee Kiprono akivua viatu. Nilimwona mtu wa baiskeli akiwa mbali sana, mdogo kama sisimizi, na nikapiga misumari ya bati zima kabla hajafika hapa chini. Barabara haina pa kujificha. Hata miti ile ya nyuma haikuwa mirefu ya kukuziba macho wakati huo.

Uliwaona wakija.

Uliwaona, Baba. Walikuwa wengi, kila mtu alisema walikuwa wengi na walikuwa wanaimba. Ulikuwa na muda wa kushuka. Ulikuwa na muda wa kushuka na kukimbia mpaka kwa miti kabla wa kwanza hajafika. Ulisema utang'oa moja zaidi. Nakujua kwa sababu mimi pia, mvua ilipoanza na Mama akaniita nishuke, nilimwambia, "Moja tu."

Mwaka hadi mwaka nimechukia watu nisiowajua sura. Sasa imebidi nikugawie wewe sehemu yako.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ulifaulu. Nyumba iliungua, lakini mabati uliyoyashusha hayakuungua, na yamerudi, na mke wako analala pakavu. Ungekuwepo ungesema, "Niliwaambia nini?" Ningekupiga na hii nyundo.

Mama ameanza kulala upande wa jikoni, chini ya lile bati jipya. Anasema huko hakuvuji. Sweta yako ameifanya mto. Mvua ikinyesha usiku, kila mtu anasikiliza kwake.

Nimalizie hapa, kwa sababu kesho napaka ukuta wa ndani na matope hayasubiri mtu. Ninakuahidi kitu kimoja. Nyumba hii nimeipiga misumari mwenyewe na naijua kila tundu, lakini siku nikiwaona wale watu wakija tena kwa ile barabara, nitamshika Mama mkono na tutaondoka. Nitaacha mabati, nyundo, hata hiyo sweta. Sitarudi. Mama akirudi nitamwangusha chini nimkalie.

Na wewe, uliniita Maitu maisha yako yote, basi leo unisikie kama mama yako. Nikifunga macho bado nakuona umechuchumaa kwa kona ya jikoni, na fulana, unang'oa msumari wa mwisho. Inatosha. Hilo moja tumeshanunua jipya.

Shuka, mwanangu. Shuka uende.

Njeri